Nani Anashika Ufunguo wa Taa ya Shangazi?

Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata wiki hii. Itabidi mnivumilie. Nimekasirika, na mtu aliyekasirika hafai kufundisha hifadhidata.

Kisa chenyewe ni hiki. Majuzi simu yangu ililia saa moja na nusu jioni. Alikuwa ni shangazi yangu, dada ya baba, anayeishi kijiji kimoja ndani kabisa ya Kinango, kaunti ya Kwale. Ukishuka kwenye matatu bado una mwendo wa karibu saa nzima kwa bodaboda, na mvua ikinyesha hata bodaboda hagusi. Nguzo za stima zipo, lakini zinaishia mbali, huko kwenye shule na zahanati.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hii taa yenu mbona imekataa pesa?”

Taa *yenu*. Shikilia neno hilo, nitalirudia.

Shangazi ana ule mtambo mdogo wa sola ambao wengi wenu mnaujua: paneli ya wati 20 juu ya bati, kisanduku chenye betri ukutani, balbu tatu, waya wa kuchaji simu na redio ndogo. Aliununua kwa mkopo. Alitoa arubuni, kisha kila siku au kila wiki anatuma pesa kwa M-Pesa, anapata ujumbe wenye tarakimu, anazibonyeza kwenye kisanduku, taa zinawaka kwa siku alizolipia. Asipolipa, zinazima. Alikuwa amelipa zaidi ya miezi 17 kati ya 18. Alibakisha siku 23 tu mtambo uwe mali yake.

Jioni hiyo alituma pesa kama kawaida. M-Pesa ikamjibu vizuri kabisa, pesa zimepokelewa. Lakini tarakimu hazikuja. Akatuma tena. Hazikuja. Akampa mjukuu wake simu ajaribu mara ya tatu, maana labda ni macho. Hazikuja. Usiku ule kibanda chake cha sukari, sabuni na majani ya chai kilifungwa mapema, na koroboi ambalo halikuwa limewashwa kwa zaidi ya mwaka lilitolewa chini ya kitanda.

Nilipofuatilia nikagundua kampuni ilikuwa imefunga shughuli zake nchini. Nambari ya kulipia ilikuwa bado hai. Seva ya kutoa tokeni ilikuwa imekufa.

Sasa ungamo

Kampuni hiyo sitaitaja. Ingekuwa ni ubaya wa kampuni moja ningenyamaza nikaendelea na maisha. Nitakalosema ni kwamba niliifanyia kazi kwa miaka miwili baada ya chuo. Shangazi alinunua mtambo ule kwa sababu mimi nilimwambia anunue. Na ile programu ndogo inayokaa ndani ya kisanduku, ile inayoamua kama taa iwake au isiwake, sehemu yake niliiandika mimi.

Mstari wenyewe ni mfupi sana. Ukiuandika kwa Kiswahili unasema: *kama siku zilizobaki ni sifuri, kata*. Basi. Niliujaribu mezani Nairobi, kisanduku mbele yangu, kahawa mkononi, mwanga wa ofisi juu ya kichwa. Ukafanya kazi mara ya kwanza. Tukapigiana makofi.

Ndiyo maana shangazi alisema “taa yenu”. Amelipa zaidi ya miezi 17, paneli iko juu ya bati lake, jua ni la Mungu, lakini anajua vizuri kuliko wahandisi wote niliofanya nao kazi kwamba taa ile si yake. Ni yetu. Na sisi tumeondoka na ufunguo.

Kwa wale mnaopenda kujua mambo yanavyofanya kazi, ngoja nieleze, kwa sababu hoja yangu yote imelala hapa. Kila kisanduku kikitoka kiwandani hutiwa nambari ya siri. Nambari hiyo hiyo huhifadhiwa kwenye seva ya kampuni. Ukilipa, seva inachukua nambari ya siri, inaongeza hesabu ya tokeni ulizokwisha kutumia na siku ulizonunua, inavisaga pamoja kwa fomula, na kinachotoka ni zile tarakimu unazotumiwa. Kisanduku nacho kinapiga hesabu ile ile chenyewe. Majibu yakilingana, siku zinaongezwa. Hakihitaji intaneti, hakihitaji hata mtandao wa simu. Kwa kijiji kama cha shangazi ni ubunifu mzuri sana, na sioni haya kuusifu.

Lakini angalia kilichofichwa humo. Nambari ya siri iko mahali pawili tu duniani: ndani ya kisanduku ambako haitolewi, na kwenye seva. Seva ikizimwa, hakuna binadamu anayeweza kutengeneza tokeni ya kisanduku hicho tena. Hata mkurugenzi. Hata mimi niliyeandika. Jua litaendelea kuchomoza Kinango kila asubuhi, paneli itaendelea kuchaji betri, betri itajaa pomoni, na taa hazitawaka.

Huo si ubovu wa mtambo. Mtambo ni mzima, na unafanya kile hasa nilichouamuru ufanye.

Hatukuanza hivi

Vijana wenzangu wa teknolojia tuna ugonjwa wa kudhani kwamba sola ya vijijini ilianza tulipoweka programu ndani yake. Si kweli. Mwaka 1984 mhandisi Mmarekani Harold Burris alikutana na Mark Hankins, mwalimu wa kujitolea katika shule ya Karamugi, upande wa Meru. Shule ilikuwa inafikiria kununua jenereta ya dizeli. Badala yake wakafunga sola, na kazi ile ikatumika kuwafunza mafundi wa umeme wa eneo hilo hilo. Walimu na wakulima jirani wakaona, wakataka nyumbani kwao.

Kutoka hapo, miaka ya themanini na tisini, Wakenya wa mashambani walinunua maelfu na maelfu ya paneli kwa pesa taslimu, bila mradi mkubwa wa serikali wa kuwagawia. Paneli ndogo ya wati 12 au 14, betri ya gari, balbu mbili na televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe. Kenya ikawa inatajwa duniani kote kama mfano wa soko la sola lililojiinua lenyewe.

Na kitu kimoja kuhusu mitambo ile: ilikuwa wazi. Paneli ulinunua duka hili, betri duka lile, balbu popote. Fundi wa sokoni aliweza kuifungua na kuifunga. Betri ikifa, unanunua nyingine ya kampuni nyingine, waya ni ule ule. Aliyekuuzia akifilisika unamwombea kheri, halafu unawasha taa yako.

Sitaki kuipaka rangi enzi ile. Paneli bandia na mbovu zilijaa madukani, na mnunuzi hakuwa na njia ya kujua mpaka baada ya miezi kadhaa. Betri za gari zilikufa haraka. Na kikubwa zaidi: ilikuwa ni sola ya mwenye nacho. Mwalimu mwenye mshahara, mkulima mwenye hela ya chai au kahawa. Shangazi wa Kinango hangeweza kutoa pesa zote zile siku moja, wakati ule wala leo.

Kwa hiyo M-Pesa ilipokuja mwaka 2007, na miaka michache baadaye kampuni kama M-KOPA zikaanza kuuza sola kwa malipo madogo madogo ya simu, mlango ulifunguka kweli. Kufuli ndiyo iliyoleta mkopo. Mwekezaji alikubali kumkopesha mtu asiye na hatimiliki wala payslip kwa sababu alijua asipolipa taa itazimwa. Mtu akiniambia “bila kufuli shangazi yako angekuwa na koroboi miaka yote hii”, namjibu: ni kweli. Nakubali bila kupepesa macho.

Ninachokataa ni kwamba kwa sababu kufuli ilihitajika, basi aina hii ya kufuli, iliyoshikwa na mtu mmoja, bila sharti lolote, ndiyo pekee iliyowezekana. Huo ni uvivu wetu tu. Na nina ushahidi, tena hauko mbali. Uko kwenye ukuta wa nyumba yako hapo mjini.

Tazama mita yako ya stima

Wewe uliye Nairobi, Mombasa au Kisumu na mita ya kulipia kabla, ukinunua stima unapata tarakimu 20. Unazibonyeza, stima inarudi. Ni wazo lile lile la kisanduku cha shangazi. Lakini tarakimu zako zinafuata kiwango cha kimataifa kinachoitwa STS, kilichoanzia Afrika Kusini. Maelezo yake yamechapishwa. Mita yako inaweza kuwa imetengenezwa na kampuni hii, ya jirani yako na kampuni ile, na zote zinaelewa lugha moja. Na funguo za siri hazikai kwa aliyetengeneza mita peke yake. Kuna utaratibu maalumu wa kuzitunza, tofauti na kiwanda. Kiwanda kikifungwa kesho, wewe utaendelea kununua tokeni kama jana.

Mnakumbuka mwaka 2024 Kenya Power ilipotuomba tubonyeze nambari mbili za ziada kabla ya ile ya kawaida? Wengi walinung'unika bila kujua sababu. Sababu ni tamu kwa mtu wa kompyuta. Kila tokeni ya STS ina muhuri wa wakati, unaohesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216. Piga hesabu: ni karibu miaka 31 na miezi 11. Zingejaa tarehe 24 Novemba 2024, na mita yoyote ambayo haijasasishwa ingekataa tokeni mpya.

Mamilioni ya mita, za viwanda mbalimbali, katika nchi nyingi, zilibadilishwa funguo na wenyeji wenyewe kwa kubonyeza tarakimu. Inawezekanaje? Kwa sababu kulikuwa na kiwango cha pamoja, funguo zilikuwa mahali panapojulikana, na kulikuwa na mtu mwenye wajibu wa kujibu.

Sasa niambie. Mtu wa Kilimani mwenye friji na pasi analindwa na kiwango cha kimataifa. Mjane wa Kinango mwenye balbu tatu analindwa na nini? Na seva ambayo mtu aliacha kuilipia.

Majibu ninayoyajua, maana niliyatoa mwenyewe

Najua wenzangu watasema nini. Nimekaa kwenye mikutano ile.

*“Tukitumia fomula iliyo wazi, wezi watavunja.”* Mtu mwenye shahada ya kompyuta anayesema hivi arudishe karo ya watu. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs alikwisha sema kwamba mfumo wa siri uwe salama hata kama adui anajua kila kitu isipokuwa ufunguo. Tulifundishwa hili tukafanyiwa mtihani. Mawasiliano ya benki kwenye intaneti yanalindwa na fomula ambazo kila mtu anaweza kuzisoma. Na kwa sola yenyewe, kazi imekwisha fanywa: kuna OpenPAYGO Token, mfumo wa tokeni ulioandikwa na Solaris Offgrid na kuachiwa wazi, msimbo wote unausoma. Asiyeutumia ana sababu zake, lakini asiseme haupo.

*“Hayo ya kufilisika hutokea mara chache.”* Mobisol ya Berlin ilikuwa miongoni mwa majina makubwa ya biashara hii, ikiuza mitambo Tanzania, Rwanda na Kenya. Mwezi Aprili 2019 iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Mwaka huo huo Engie ya Ufaransa ikainunua, na kwa hiyo kulikuwa na mtu wa kuziendeleza seva. Mnunuzi ni bahati, na bahati haiandikwi kwenye mkataba. Kampuni ndogo ikifa hakuna Mfaransa anayekuja.

*“Gridi inafika huko, subirini.”* Mradi wa kusambaza stima mashinani ulioanza mwaka 2015 ulishusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Ni jambo jema na limewasha nyumba nyingi. Lakini ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Shangazi yuko kilomita kadhaa. Ukitaka kuona umeme unavyompita mtu, nenda Loiyangalani: mitambo 365 ya upepo, megawati 310, na waya wa kilomita zaidi ya 400 uliokamilika mwaka 2018 kuupeleka umeme huo Suswa. Sisemi usipelekwe. Nasema waya mkubwa hufuata wateja wakubwa, na kwa wengine mtambo mdogo utabaki kuwa ndiyo stima yao kwa miaka mingi. Basi tuuchukulie kama stima, si kama simu ya mkopo.

*“Mteja akichelewa naye anatutia hasara.”* Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Shangazi akichelewa siku moja, taa inazimwa usiku ule ule, bila barua, bila kusikilizwa. Kampuni ikishindwa kutoa huduma aliyoilipia kwa mwezi mzima, kwake kitu gani kinazimwa? Hakuna. Mkataba wenye kufuli upande mmoja tu si mkataba. Tulimwekea mama yule adhabu inayojitekeleza yenyewe, tukajiwekea sisi nambari ya huduma kwa wateja.

Nilichofanya Kinango

Jumamosi niliteremka. Kabla ya hapo nilipitia duka moja Mwembe Tayari, Mombasa, nikanunua kidhibiti chaji cha kawaida kinachokubali betri ya lithiamu, kwa chini ya shilingi 1,500.

Kisanduku kilikuwa na skrubu za umbo la ajabu, zile za kumzuia fundi (mkutano huo pia nilikuwepo). Ndani, betri ilikuwa imejaa: volti 13 na ushei, nzima kama siku ya kwanza. Nikaiondoa bodi niliyoiandikia programu mwenyewe, nikaunganisha paneli na betri kwenye kidhibiti kipya. Vichwa vya waya wa balbu vilikuwa vya umbo la kampuni, haviingii kokote, nikavikata na kuunganisha waya mtupu. Kazi ya saa mbili, na nusu yake ilikuwa kunywa chai.

Tafadhali usikimbilie kuiga. Betri ya lithiamu ikichajiwa vibaya inaweza kuwaka moto, na mkataba unakataza kufungua kisanduku. Tena tangu kanuni za mwaka 2012 fundi wa sola nchini anatakiwa awe na leseni. Lakini hebu fikiria kichekesho hiki: serikali inamtaka fundi asome, afanye mtihani, apate leseni, halafu fundi huyo akifika nyumbani kwa shangazi hana la kufanya, maana tatizo si waya. Tatizo ni nambari ya siri iliyoko kwenye kompyuta ambayo haipo tena.

Taa zilipowaka shangazi alishukuru, akaniombea dua ndefu. Kisha akaniuliza swali ambalo limenifanya niandike haya yote:

“Sasa mwanangu, zile siku 23 nimlipe nani?”

Mtu huyu ndiye tuliyemwekea kufuli kwa kuwa hatumwamini.

Ninachotaka

Sitaki kufuli ziondolewe kesho. Nataka mambo manne, na yote yanawezekana kwa teknolojia tuliyo nayo leo.

1. *Ufunguo wa mwisho uwekwe amana.* Kila kisanduku kikitengenezwa, tokeni yake ya kufungua moja kwa moja itengenezwe siku hiyo hiyo na iwekwe kwa mtu wa tatu: mdhibiti wa nishati, au taasisi itakayokubalika. Kampuni ikifunga duka, tokeni zinatolewa. Ni faili moja. Kwa mitambo laki moja, faili hiyo inaingia kwenye simu yako bila kujaa. Mwanzoni nilifikiria kisanduku kijifungue chenyewe kikikaa muda mrefu bila kusikia kutoka kwa seva, lakini vile vya tarakimu havisikii seva hata siku moja, na vile vyenye laini ya simu mjanja ataviziba antena. Amana ni safi zaidi.

2. *Taa moja isizimwe.* Balbu ya wati 1 ikiwaka saa 5 usiku inakula wati-saa 5. Paneli ya wati 20 kwa jua la Kinango huzalisha zaidi ya mara kumi ya hizo kwa siku. Zima redio, zima chaji ya simu, zima balbu mbili. Mdai ana silaha ya kutosha. Lakini iache moja, mtoto asome na bibi aone nyoka. Kwenye programu ni kubadilisha mstari wangu ule mmoja.

3. *Tokeni na vichwa vya waya viwe vya kiwango cha pamoja.* Kama tulivyofanya kwa mita za mjini. Betri ya huyu ikubali balbu ya yule. Aliyemaliza kulipa aweze kupanua mtambo wake kwa duka lolote.

4. *Pesa ya umma, masharti ya umma.* Mradi wa KOSAP ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017, dola milioni 150 kwa kaunti 14 zilizoachwa nyuma, Kwale ikiwemo, ulitenga pia pesa za kuzisaidia kampuni zinazouza sola za nyumbani. Vizuri. Lakini shilingi ya umma ikiingia kwenye kisanduku, basi ufunguo nao uingie kwenye amana. Hiyo si chuki kwa biashara. Hata anayekukopesha jembe hukuuliza utalirudishaje.

Kuna watakaosema watu wa kijijini hawajali mambo ya umiliki, wanataka mwanga tu. Wamwendee mtu wa Mbuiru, upande wa Mlima Kenya, ambako kuna mtambo wa maji wa Tungu-Kabiri, kilowati 18 tu. Wanakijiji wapatao 200 waliununulia hisa na kuchimba mifereji kwa mikono yao, wakisaidiwa na wahandisi. Hawakungoja kufundishwa maana ya mali yao. Waliijua, wakaitolea jasho.

Kabla hujamnunulia mama

Wengi wenu mnaosoma hapa mko mjini, na mtambo wa sola ndiyo zawadi mnayompelekea mama au babu Desemba. Endeleeni, ni zawadi nzuri. Lakini kabla ya kutoa arubuni mwulize muuzaji maswali matatu: Nikimaliza kulipa, nitapewa tokeni ya kudumu kwa maandishi? Ninyi mkifunga, nani mwingine ana ufunguo? Betri ikifa, naweza kuweka ya duka lingine? Akijikuna kichwa kwenye la pili, tafuta muuzaji mwingine. Na kama unazo pesa zote, nunua vipande vya kawaida, mwite fundi mwenye leseni, uachane na kufuli kabisa.

Na ninyi wenzangu mnaoandika programu hizi. Nawajua, baadhi yenu tulikula chakula cha mchana pamoja. Msiniambie “mimi naandika tu ninachoambiwa”. Nilisema hivyo kwa miaka miwili. Wiki hii mtakapofika kwenye ule mstari unaosema *kata*, simameni mwulize meneja wenu swali moja: siku sisi tusipokuwepo, nani atawasha?

Zile siku 23 nilimwambia shangazi aweke akiba. Ameanza kuziweka kwenye kopo la kahawa, shilingi za kila siku kama alivyozoea, akingoja mwenye deni aje achukue.

Somo la hifadhidata ni wiki ijayo, nikipoa.

Wasalaam.